Ambulensi Kwanza au Vitabu Kwanza? Njia ya Udaktari Baada ya KCSE

Kila Januari matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, yakitoka, mjadala uleule huanza upya katika nyumba nyingi kuanzia Nakuru hadi Kisumu. Mtoto anataka udaktari, vyuo havifunguliwi hadi Agosti au Septemba, na kila mtu ana ushauri wake. Mjomba anayelipa karo anasema kijana asomee kazi ya ambulensi, awe na cheti mkononi. Mama anaona afadhali arudie kemia na biolojia mapema, asije akazama mwaka wa kwanza. Kijana mwenyewe ameshatazama video za wanafunzi wa Marekani wanaoapa kwamba bila saa mia kadhaa ndani ya ambulensi, hakuna shule ya udaktari itakayokutazama.

Hao watatu wanajibu maswali matatu tofauti. Mjomba anawaza riziki, mama anawaza maandalizi, na video zinazungumzia udahili, tena udahili wa nchi nyingine. Ukiyachanganya, utatoa pesa za swali moja kununua jibu la swali jingine. Tuanze na udahili, maana huo ndio unaoamua kama hayo mengine yana haraka.

Kinachohesabiwa na kisichohesabiwa

Marekani, shule ya udaktari huja baada ya digrii ya kwanza ya miaka minne. Mwombaji huwa amesoma chuoni biolojia, kemia ya jumla, kemia ya kaboni, fizikia na bayokemia, amefanya MCAT, mtihani wa kuingilia udaktari ambao alama zake huanzia 472 hadi 528, kisha anaeleza katika maombi yake amekutana na wagonjwa wapi. Kozi ya EMT, yaani ya mhudumu wa ambulensi wa ngazi ya kwanza, huchukua kama saa 120 hadi 190 huko. Mwanafunzi huimaliza katika muhula mmoja, halafu hufanya zamu za wikendi. Ni njia mojawapo tu ya kupata uzoefu. Wengine hujitolea wodini, wengine huajiriwa kumwandikia daktari kumbukumbu za wagonjwa. Hata huko, cheti hicho hakizibi pengo la alama. Kemia ikiwa imeanguka, king'ora hakiinyanyui.

Kenya mambo yamepangwa vingine kabisa. MBChB, yaani digrii ya udaktari, ni digrii ya kwanza, huchukua miaka sita, na mtu huingia akitoka sekondari. KUCCPS, shirika la serikali linalogawa nafasi za vyuo, hupanga wanafunzi kwa alama za KCSE na kozi walizochagua. Haiulizi insha wala barua ya daktari anayekufahamu, na hakuna mahali pa kuandika kwamba umewahi kufunga bendeji. Kiwango cha chini kinachotakiwa ni wastani wa B, na B katika kila somo la kundi: biolojia, kemia, hisabati au fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Hicho ni kizingiti tu. Ushindani wenyewe uko juu zaidi, na pointi za mwisho za kuingilia udaktari katika vyuo vya umma hupita 40 kati ya 48. (A ya Kiswahili ina uzito sawa na A ya Kiingereza hapo, jambo ambalo watoto wa sayansi hulikumbuka Septemba ya kidato cha nne, wakiwa wamechelewa.)

Walimu wa ushauri hukadiria pointi za kundi hivi. Chukua jumla ya pointi za yale masomo manne, ugawe kwa 48. Chukua jumla ya masomo saba yanayotoa wastani, ugawe kwa 84. Zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 48. Tuseme mtahiniwa ana A ya kemia (12), A- ya biolojia (11), A- ya Kiswahili (11) na B+ ya hisabati (10). Kundi ni 44. Jumla ya masomo saba ni 77. Makadirio yanatoka 44.0. Sasa mpandishe hisabati gredi moja, iwe A-. Kundi linakuwa 45, jumla 78, na makadirio yanafika 44.8. Gredi moja imeleta karibu pointi nzima, kwa sababu hisabati imeingia mara mbili, ndani ya kundi na ndani ya jumla. Waombaji wa udaktari hutenganishwa kwa sehemu ndogo za pointi, hivyo 0.8 yaweza kuwa tofauti ya kuitwa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, na kutoitwa popote.

Cheti cha ambulensi, katika hesabu hiyo, ni sifuri. Anayekisomea akidhani kitamwongezea nafasi ya kuitwa Moi, Maseno, Egerton au Masinde Muliro amedanganyika, na kama aliyemuuzia kozi ndiye aliyemwambia hivyo, akatafute kwingine.

Aliyekosa alama

Huyu tumtoe njiani mapema, kwa sababu kwake ambulensi ni kichaka cha kujificha. Kozi inampa sare, inampa jambo la kuwaambia jirani, na mwaka unakwisha shida yake ya msingi ikiwa palepale.

Njia zake ni chache. Ya kwanza ni kurudia KCSE. Usajili wa KNEC, baraza la mitihani, hufanyika mwanzoni mwa mwaka, kwa hiyo uamuzi hauwezi kungoja Juni. Kosa linalowaumiza wengi ni kujisajili kwa masomo mawili tu yaliyoanguka. Ukifanya hivyo utapata matokeo ya masomo hayo, lakini wastani mpya hupati, na bila masomo saba hakuna jumla ya kuingiza katika hesabu ile ya juu. Tena muda wenyewe ni mfupi: darasa la mwisho la mfumo wa 8-4-4 litafanya KCSE mwaka 2027, na nyuma yake wanakuja watoto wa mtaala mpya.

Ya pili ni diploma ya utabibu, ile ya maafisa wa kliniki, inayotolewa na KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, na vyuo vingine. Ni miaka mitatu darasani na wodini, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kazini. Wastani wa C unatosha kuomba, mradi masomo ya sayansi yasiwe yameanguka. Afisa wa kliniki hupima, hutambua ugonjwa na huandika dawa. Baadaye anaweza kusomea diploma ya juu katika ganzi, watoto, macho au mifupa. Baadhi ya vyuo vikuu humpokea kwa MBChB akiwa na diploma iliyopita vizuri, ila KCSE yake haifutiki, huangaliwa pamoja nayo. Piga hesabu ya umri: miaka minne ya diploma na mafunzo, sita ya digrii, mmoja wa mafunzo ya daktari. Ni miaka kumi na moja. Wapo walioipita njia hiyo na ni madaktari hodari, lakini mtu aingie akitaka pia kuwa afisa wa kliniki, kwa sababu huenda akabaki hapo, na hapo si pabaya.

Ya tatu ni digrii ya sayansi, kwa mfano biolojia au sayansi za maabara, kisha kuomba MBChB kwa kujilipia. Ni njia ghali. Kabla ya kulipa karo ya kozi yoyote inayojiita daraja la kuingilia udaktari, liulize kwa maandishi baraza la madaktari, KMPDC, kama linaitambua. Mwanafunzi wa udaktari huorodheshwa na baraza hilo akianza masomo. Chuo kikikupokea na baraza likakukataa, umesoma bure.

Aliyefuzu, na miezi saba ya kungoja

Hapa ndipo swali la kichwa cha makala lina uhai. Alama ziko, barua inakuja, na kuanzia katikati ya Januari hadi mwisho wa Agosti kuna zaidi ya miezi saba. Kati ya ambulensi na vitabu, kipi kinamfaa?

Tuangalie kwanza ambulensi inafundisha nini hasa, maana wengi hudhani ni kuendesha gari kwa kasi.

Somo la kwanza halina mgonjwa ndani yake. Ni usalama wa eneo. Kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, mteremko wa Salgaa na Sachangwan unajulikana kwa malori yanayopoteza breki. Tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilianguka Sachangwan, watu wakakusanyika kuchota, moto ukalipuka na zaidi ya watu 100 wakafa. Mhudumu hufundishwa kusimama upande unakotoka upepo, mbali, na kuzuia umati kabla ya kumgusa majeruhi yeyote. Kwa kijana mwenye moyo wa kukimbilia, hili ni gumu kuliko anavyodhani.

Kisha huja mpangilio wa kumpima mgonjwa: damu inayobubujika, njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu, fahamu, halafu kumfunua uone mwili wote. Mpangilio huo haurukwi hata kama mfupa umetokeza na kila mtu anaonyesha mguu. Kukandamiza kifua kwa mtu mzima: kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mikandamizo 30 kwa pumzi 2, na kifua kiachwe kirudi juu kikamilifu kila mara. Mkanda wa kuzuia damu hufungwa sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, usiwe juu ya kiungo, na saa uliyofunga iandikwe pale panapoonekana. Haulegezwi kila baada ya dakika chache kama ilivyofundishwa zamani, kwa sababu kila ukilegeza unamwaga damu aliyobaki nayo. Kuna kuzalisha, kuna mtoto aliyepaliwa, kuna kufunga paja lililovunjika, na kuna uandishi wa ripoti, ambao wanafunzi huudharau hadi siku wakili anapouomba.

Makosa ya wanaoanza yanafanana. Mtu huhesabu pumzi kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa nne, akikosea pumzi moja anakuwa amekosea nne. Hufunga mkono mnene wa mama kwa ukanda mdogo wa kupimia presha, presha inasoma juu kuliko ilivyo, na mama anatangazwa mgonjwa. Hushika barakoa ya puto la hewa, lile la kumpulizia asiyepumua, kwa mkono mmoja, hewa inatoka pembeni, tumbo linajaa na mgonjwa anatapika. Ni mambo ya vidole, na vidole havifundishwi na kitabu.

Lakini ziko nyakati ambapo vidole havitoshi, na hapo ndipo mabishano ya mjomba na mama yanapoonekana hayana mshindi.

Chukua usiku wa baridi Molo au Njoro. Familia imelala na jiko la makaa ndani, madirisha yamefungwa. Mhudumu anafika, anawakuta wanaumwa kichwa, wanatapika, mmoja amelegea. Anaweka kipimo cha oksijeni kidoleni: asilimia 99. Anayejua utaratibu pekee anaona namba nzuri na kutulia. Aliyesoma bayokemia ya himoglobini, kibebaji cha oksijeni ndani ya damu, anajua kwamba gesi ya monoksidi ya kaboni huishika himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na kwamba kile kipimo cha kawaida hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba gesi hiyo na iliyobeba oksijeni. Ile 99 ni uongo. Atawatoa nje, ataweka barakoa ya oksijeni yenye mfuko kwa lita 15 kwa dakika na kuendelea nayo hata kipimo kikisema 100.

Au chukua puto la hewa. Kozi inasema pumzi moja kila sekunde 6 kwa mtu mzima mwenye mapigo asiyepumua. Kwenye ambulensi inayoruka matuta, mkono wenye hofu hubonyeza kila sekunde 2. Ubaya uko wapi, si hewa zaidi? Fiziolojia ndiyo inayojibu. Kila unapojaza kifua kwa shinikizo, mishipa mikubwa inayorudisha damu moyoni hubanwa. Ukibonyeza mara 30 kwa dakika, moyo unakosa damu ya kusukuma na presha inaporomoka. Anayejua sababu hupunguza mkono wake hata akiogopa. Anayejua kanuni pekee huisahau ikihitajika.

Mfano wa tatu ni wa fizikia ya sekondari, nao hutokea mara nyingi zaidi kwa sababu kazi kubwa ya ambulensi zetu ni kuhamisha wagonjwa kutoka hospitali moja hadi nyingine, kuliko kuokota majeruhi barabarani. Tuseme mgonjwa anatolewa Kisumu kupelekwa Eldoret, kama kilomita 120, na anahitaji lita 15 za oksijeni kwa dakika. Safari ikichukua saa mbili na nusu, hizo ni dakika 150, yaani lita 2,250. Mtungi wenye ujazo wa lita 10 ukiwa na shinikizo la baa 150 una takriban lita 1,500 za gesi. Utakwisha dakika ya 100. Ukitoka na mtungi uliosoma nusu, baa 75, utakwisha dakika ya 50, kabla hujafika Kapsabet. Kuzidisha ujazo kwa shinikizo na kugawa kwa mtiririko ni hesabu ya nusu dakika, na inapaswa kufanywa kabla mlango haujafungwa. Wanaoiacha huwa wanaijua. Walichokosa ni mazoea ya kuuliza.

Basi kwa aliyefuzu, maoni yetu ni haya: kama pesa zipo na kozi inaisha kabla ya Julai, asome ambulensi, na ajisomee saa nane hadi kumi kwa wiki. Kama pesa za kozi zitatoka kwenye karo ya chuo, aache. Karo ya mwaka wa kwanza ikipungua, hakuna cheti kitakachoirudisha.

Asome nini katika hizo saa nane

Kosa la mama, tukisema kwa heshima, ni kudhani kwamba atakayejua majina ya mifupa yote kabla ya Septemba ataupita mwaka wa kwanza kwa urahisi. Anatomia, fiziolojia na bayokemia haziangushi watu kwa ugumu. Zinaangusha kwa wingi. Majina uliyokariri Machi yatakuwa yametoka kichwani Oktoba, na utayakariri tena ukiwa mbele ya maiti, ambapo yanashika vizuri zaidi.

Kinachofaa kutengenezwa mapema ni kile ambacho wahadhiri hawana muda wa kukirudia. Asidi na besi, na maana ya pH kama logi, kwa sababu damu ya pH 7.1 si "chini kidogo" ya 7.4, ina ioni za hidrojeni maradufu. Osmosisi. Uhusiano wa shinikizo, mtiririko na upana wa bomba. Na hesabu za mkusanyiko, ambazo hata wauguzi wa miaka mingi hurudia mara mbili: asilimia 1 ni gramu 1 katika mililita 100, yaani miligramu 10 kwa kila mililita. Adrenalini ya 1 kwa 1,000 ni miligramu 1 kwa mililita, ya 1 kwa 10,000 ni sehemu yake ya kumi. Mililita 50 za glukosi ya asilimia 50 ni gramu 25. Anayefanya hizi bila kikokotoo atashukuru akifika famakolojia.

Kiingereza cha kusoma kurasa 40 kwa jioni nacho kinahitaji mazoezi, na hakuna anayekitaja.

Kuchagua chuo cha ambulensi

Mafunzo haya hutolewa na mashirika kama Msalaba Mwekundu na St John Ambulance, na KMTC pamoja na vyuo binafsi. Urefu hutofautiana sana, wiki kadhaa hadi miezi sita au zaidi, na majina ya ngazi hutofautiana pia. Usiulize kwanza bei. Uliza ni saa ngapi utakazokuwa kitengo cha dharura cha hospitali na saa ngapi ndani ya ambulensi inayofanya kazi, na ni hospitali ipi yenye mkataba na chuo hicho. Jibu liwe na jina. Katika ukanda huu, hospitali ya rufaa ya Nakuru, ile ya Moi mjini Eldoret, na ile ya Jaramogi Oginga Odinga (JOOTRH) ya Kisumu ambayo wazee bado wanaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, zote hupokea majeruhi wa kutosha kumfundisha mtu. Chuo kinachosema "tutawatafutia nafasi baadaye" kinakuuzia darasa tu.

Uliza mwalimu mmoja ana wanafunzi wangapi mbele ya sanamu moja ya kukandamiza kifua. Wakizidi sita, utatazama zaidi kuliko utakavyofanya. Uliza kama cheti kinakubalika kusajiliwa na baraza la wahudumu wa ambulensi la Kenya, KCEMT, maana waajiri wengi huuliza hilo. Na uliza nani atagharamia ukichomwa sindano ukiwa mafunzoni. Hilo lina utaratibu wake: osha kwa maji na sabuni bila kukamua, ripoti papo hapo, na dawa za kuzuia VVU zianzwe haraka iwezekanavyo, zisipite saa 72, kisha zimezwe siku 28. Chuo kisicho na jibu la haraka kwa swali hili hakijawahi kulifikiria.

Karo ya kozi si gharama yote. Ongeza viatu vizito, sare, stethoskopu ya kawaida, nauli ya zamu za usiku wakati matatu zimeisha na boda imepandisha bei, na chakula. Ongeza pia chanjo ya homa ya ini aina ya B. Hii ni sindano tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu baada ya miezi sita. Anayeanza Februari humaliza Agosti, wiki chache kabla ya kuingia chumba cha maiti. Anayeanza Mei hufika chuoni akiwa na mbili.

Riziki ya mjomba

Tulimwacha mjomba. Yeye anataka kijana apate chochote akisoma. Ajira zipo: kaunti, mashirika ya ambulensi, hospitali binafsi, mashamba ya maua ya Naivasha, mashindano ya michezo. Lakini zamu ya ambulensi mara nyingi ni saa 12, na wiki ya mwanafunzi wa udaktari inajaa mihadhara, maabara na mitihani midogo. Zamu mbili za usiku kwa wiki zinakula saa 24 pamoja na siku mbili za kulala. Katika miaka miwili ya kwanza hilo haliwezekani bila kitu kuanguka, na kinachoanguka ni anatomia. Kazi za likizo ndizo zinazoshika: Aprili au Desemba, mkataba wa wiki chache, au siku moja ya kusimama kwenye mashindano. Asitarajie zitalipa karo. Zitalipa nauli na vitabu.

Faida yake nyingine haionekani kwenye mshahara. Kuna watu wanaogundua usiku wa tatu kwamba hawawezi kazi ya kugusa damu ya mtu anayelia, na kuna wanaogundua kwamba wanaweza ila hawataki kuamshwa saa tisa za usiku kwa maisha yao yote. Kulijua hilo Aprili, kabla KUCCPS haijafunga dirisha la kubadilisha kozi, ni tofauti na kulijua mwaka wa nne. Asiye na pesa za kozi nzima anaweza kulipima kwa kozi ya huduma ya kwanza ya siku chache, halafu aombe kujitolea na tawi la Msalaba Mwekundu la mahali pake. Atabeba machela kwenye mafuriko ya Nyando au Budalang'i kabla hajabeba kitabu cha anatomia chenye majina ya Kilatini.

Yamebaki mambo mawili, moja la mipaka na moja la kalenda. Akishaingia chuoni, aliyesomea ambulensi asiwatibu wenzake hosteli. Cheti kile kinampa ruhusa ya kufanya kazi chini ya utaratibu wa huduma iliyomwajiri, hakimpi ruhusa ya kutundika dripu kitandani kwa rafiki mwenye malaria. Na kadi ya kuokoa uhai ya msingi huisha baada ya miaka miwili. Iliyotolewa Juni kabla ya chuo itaisha Juni ya mwisho wa mwaka wa pili, muda mfupi kabla ya kuanza wodi. Aihuishe likizo hiyohiyo, mikono ikiwa bado inakumbuka.